Somo la Leo: Chen Chong, Mchezaji Aliyekuwa Mwongozaji wa Sinema

Leo tutasoma habari za mwanamke wa China, jina lake Chen Chong. Watu wa Marekani humwita Joan Chen.

Kwanza tuelewe maneno mawili. Mchezaji wa sinema ni yule mnayemwona katika picha. Husema maneno aliyoandikiwa. Mwongozaji hamumwoni. Lakini yeye ndiye nahodha wa chombo: huamua hadithi isimuliwe namna gani, na kamera itazame nini.

Chen Chong alizaliwa Shanghai mwaka 1961. Alianza kucheza sinema angali msichana. Mwaka 1979 alicheza katika "Xiao Hua", maana yake Ua Dogo, akapendwa China nzima. Mwaka 1981 alikwenda Marekani kusoma. Huko alianza upya, kwa lugha ya kigeni. Mwaka 1987 alionekana katika sinema ya mfalme wa mwisho wa China, akiwa mke wa mfalme. Sinema hiyo ilipata zawadi 9 za Oscar.

Mwingine angalitosheka. Yeye alitaka kusimulia hadithi aliyoichagua mwenyewe.

Mwaka 1998 ilitoka sinema ya kwanza aliyoiongoza, "Xiu Xiu". Hadithi yake iliandikwa na mwanamke mwingine wa China, Yan Geling. Sikilizeni. Zamani za Mao Zedong, serikali iliwapeleka mamilioni ya vijana wa mijini wakakae shamba. Msichana Xiu Xiu alipelekwa mbali, kwenye nyika, ajifunze kutunza farasi kwa mchungaji wa Tibet. Aliahidiwa kuchukuliwa baada ya miezi sita. Hakuna aliyekuja. Kurudi kwao kulihitaji kibali. Basi wakubwa wakamjia mmoja mmoja, kila mtu akiahidi kumsaidia, na kila mtu akitaka mwili wake kuwa rushwa.

Chen Chong alipiga picha hizo huko huko China bila ruhusa ya serikali. Sinema ikakatazwa isionyeshwe nchini humo. Lakini Taiwan, mwaka ule ule, ilipata zawadi 7 za Farasi wa Dhahabu, na mojawapo ilikuwa ya mwongozaji bora.

Mnaona tofauti? Mchezaji hungoja kupewa maneno. Mwongozaji huchagua jambo la kusemwa, na lawama pia ni yake. Chen Chong alikuwa na umri wa miaka 37 alipotoa sinema hiyo, naye alikwisha kuwa na sifa kubwa. Hata hivyo alikubali kujifunza kazi mpya, na kuitumia kumsemea msichana aliyesahauliwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mwongozaji hufanya kazi gani?
2. Kwa nini Xiu Xiu hakuweza kurudi kwao?
3. Kama ungaliongoza sinema, ungalisimulia habari za nani? Andika sentensi tatu.