Mbwa Wawili, Mshikaji Mmoja

Jioni moja, muda mfupi kabla ya magharibi, niliwatoa mbwa wangu wawili, Simba na Bobi, ili kuwatembeza katika njia inayopakana na mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Kamba zote mbili nilikuwa nimezizungusha katika kifundo cha mkono wa kulia, nikidhani kwamba ndivyo nitakavyowadhibiti. Paka akakatiza njia. Simba akaruka, Bobi akamfuata Simba (sidhani hata kama alimwona huyo paka), nami nikaanguka kifudifudi. Nilipoinua kichwa, Bobi alikuwa amekwisha kumwekea miguu ya mbele mzee jirani yetu aliyekuwa akielekea msikitini, na pua yake yenye majimaji imeigusa kanzu nyeupe.

Mzee hakupaza sauti. Aligeuka, akarudi nyumbani kwake. Kwa msomaji asiyefahamu, katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huyafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo hakina budi kuoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa hiyo Bobi hakuwa amechafua nguo tu, bali alikuwa amemkosesha mtu sala ya jamaa.

Asubuhi nilikwenda kuomba radhi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mbwa hana hesabu. Wewe uliyeshika kamba unayo." Tangu siku hiyo wajukuu wake, waliokuwa wakija kucheza na wanangu, hawakuonekana tena langoni kwetu. Nilikuwa na njia mbili: kuwafungia mbwa uani maisha yao yote, au kuwafundisha. Mbwa afungwaye siku zote huzidi kuwa mkali, hivyo nilichagua kuwafundisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwafundisha wote wawili kwa pamoja. Yafaa ieleweke kwamba mwenye mbwa wawili ana wanafunzi watatu: mbwa wa kwanza, mbwa wa pili, na ile jozi yao. Jozi ina tabia ambayo hutaiona kwa mbwa mmoja mmoja. Bobi akiwa peke yake ni mpole kama kondoo. Akimwona mwenziwe amekaza kamba, naye hukaza, pasipo kuuliza sababu. Ni kama mashindano. Basi kwa majuma matatu niliwatenganisha, kila mmoja akapata dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, ndani ya ua, na mwenziwe amefungiwa asikoweza kuona.

Vifaa ni vichache. Mkanda wa shingoni uwe wa kuruhusu vidole viwili kupita kati yake na shingo. Kwa mbwa avutaye sana, mkanda wa kifuani ni bora, kwa maana ule wa shingoni humkaba koo. Kamba iwe ya urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Kamba ya katani huchubua viganja, na mnyororo ni mzito mno, tena mbwa husikia uzito wake kila hatua hata pale usipovuta. Ukipata ukanda wa ngozi au kamba ya pamba iliyosokotwa, chukua hiyo. Wala usiizungushe mkononi kama nilivyofanya mimi. Ingiza kidole gumba katika kitanzi, kisha fumba kiganja.

Sasa kwa nini mbwa huvuta? Kwa sababu kuvuta kunamfaa. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alieleza, kutokana na majaribio yake kwa paka waliofungiwa sandukuni, kwamba tendo linaloleta raha mnyama hulirudia, na lisiloleta kitu hufifia. Mbwa akivuta, nawe ukamfuata hadi kwenye kichaka alichokitaka, umemlipa ujira wa kuvuta. Kesho atavuta zaidi. Dawa yake ni rahisi kuisema na ngumu kuitenda: kamba ikikaza, simama. Usimkaripie, usimvute nyuma. Simama kimya kama mwembe. Atashangaa, atageuka kukutazama, kamba italegea. Papo hapo songa mbele. Na akiwa kando ya paja lako na kamba imelegea, mpe kitu kidogo cha kula wakati huohuo, kwani ukichelewa hatajua analipwa kwa lipi. Siku ya kwanza mimi na Simba tulitumia dakika zote 10 kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la maji, umbali wa hatua kama 20. Mke wangu alitoka jikoni akauliza kama naumwa.

Kuhusu hicho kitu kidogo, hakuna haja ya kununua. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hukatwa vichwa kabla ya kupikwa, na vichwa hivyo tulikuwa tukivitupa. Vipepete mchanga, vianike vikauke tena, uvitie katika mfuko wa suruali. (Suruali hiyo haitafaa tena kwendea arusini.) Penye nyama, mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi yanafaa sana. Hesabu chakula hicho katika posho ya siku, mbwa asinenepe.

Kila mmoja alipoweza kwenda peke yake hadi njiani na kurudi, tuliingia hatua ya pili, nayo yahitaji watu wawili. Binti yangu mkubwa alimshika Bobi, nami nikamshika Simba. Tulitembea upande mmoja, sambamba, tukiachana hatua 10, kisha 5, kisha bega kwa bega, na mbwa wakiwa pande za nje. Wakianza kutazamana kwa ukali au kuchokozana, tulipanua tena nafasi pasipo kugombeza.

Ndipo nikazishika kamba zote mbili mwenyewe. Simba daima kushoto, Bobi daima kulia. Wakibadilishana pande, kamba husukana kama ukili na miguu yako ikawa katikati. Tatizo kubwa hapa ni la haki. Mmoja akivuta, wote husimama, hata yule asiye na kosa. Nilichofanya ni kumlipa kwanza aliyetulia, huku nikilitaja jina lake: "Bobi, vyema!" Simba aliposikia kinywa cha mwenziwe kikitafuna, alirudi mwenyewe. Wivu uliotuangusha siku ile ya paka ndio uliotufundishia.

Kama mbwa wako hupigana nyumbani wakati wa chakula, usiwatoe pamoja kwanza. Tafuta daktari wa mifugo awatazame. Huyo ndiye pia atakayewachanja kichaa cha mbwa, kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudia kwa wakati atakaowaambia, maana ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Na mchana wa jua kali usiwatembeze: mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na lami huunguza nyayo. Weka mgongo wa kiganja juu ya lami. Usipoweza kuvumilia kwa sekunde 5, rudi nyumbani ungoje jioni.

Jambo la mwisho tulilojifunza ni kupisha watu. Nikiona mtu anakuja, hutoka njiani mapema, mbwa nikawaweka upande wa mbali naye, wakaketi, nikawalisha hadi apite. Ilichukua majuma mengine mawili kabla sijathubutu kulifanya hilo saa ya magharibi.

Juma lililopita tulikutana na mzee palepale. Nikatoka njiani, Simba na Bobi wakaketi. Mzee alisimama upande wa pili wa barabara, fimbo mkononi, akawatazama kitambo.

"Unawapa nini?" akauliza.

"Dagaa, mzee."

"Dagaa! Kwa bei ya siku hizi?"

"Vichwa tu, mzee. Miili tunakula sisi."

Akacheka, akaendelea na safari yake ya msikitini. Jumamosi wajukuu wake wawili walikuja kuangalia mazoezi, wakakaa juu ya ukuta, miguu wameikunja.