Ahadi ya Haraka na Hisabati ya Kuchelewa

Waswahili husema ahadi ni deni. Kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa zake kwa njia ya intaneti, deni hilo lina tarehe, na mara nyingine lina saa. Anapomwambia mteja aongeze fedha kidogo ili apate mzigo wake kesho, anauza vitu viwili kwa pamoja: bidhaa iliyomo ghalani mwake, na muda usiokuwamo mikononi mwake. Bidhaa anaweza kuihesabu na kuipima. Muda je, ataupimaje? Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba swali hili ni la kihisabati, na kwamba mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kujifunza uwezekano anaweza kulijibu.

Krismasi ya mwaka 1999

Uzito wa swali hili ulidhihirika nchini Marekani katika msimu wa Krismasi wa mwaka 1999, biashara ya intaneti ilipokuwa bado changa. Maagizo yalimiminika kupita uwezo wa wauzaji, na wateja wengi hawakupata zawadi zao kabla ya sikukuu. Kanuni ya serikali ilikuwapo tangu mwaka 1975, ilipotungwa kwa ajili ya biashara ya posta: muuzaji asitaje muda wa kupeleka bidhaa pasipo kuwa na msingi wa kuaminika, naye akichelewa, sharti amwarifu mteja na kumpa nafasi ya kuvunja mapatano na kurudishiwa fedha zake. Mwezi wa Julai 2000 maduka saba ya mtandaoni, yakiwamo ya Macy's na Toys R Us, yalikubali kulipa adhabu ya jumla ya dola milioni 1.5 kuhusiana na kanuni hiyo.

Maneno "msingi wa kuaminika" ndiyo yanayotuhusu hapa. Msingi huo hauwezi kuwa matumaini ya muuzaji, wala wastani wa safari zilizopita peke yake. Mizigo ikifika kwa wastani wa siku mbili, huenda ipo iliyofika kwa siku moja na mingine kwa siku tano. Mteja wa siku ya tano hafarijiki kwa kuambiwa habari za wastani.

Mlolongo wa hatua

Ili tuone hesabu yenyewe, tuchukue mfano wa kubuni ulio karibu nasi. Mfanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, anauza nguo za sherehe kwa njia ya simu. Anataka kuwaahidi wateja wake wa Mwanza kwamba watapata mizigo yao siku ya pili. Kila mzigo utapita katika hatua tano: malipo kuthibitishwa, nguo kupatikana na kufungwa, mzigo kufikishwa kwa msafirishaji kabla hajafunga mapokezi, ndege kuondoka na kufika kwa wakati, na mwisho, mwenye bodaboda kumpata mteja.

Tuseme kila hatua hufaulu mara 98 katika 100. Mtu atadhani kwamba ahadi nzima nayo itatimia mara 98. Sivyo. Ikiwa hatua hazitegemeani, uwezekano wa zote kufaulu hupatikana kwa kuzidisha: 0.98 × 0.98 × 0.98 × 0.98 × 0.98, ambayo ni 0.904. Katika mizigo 100, takriban 10 itachelewa. Kila hatua ikifaulu mara 95 tu, mizigo itakayochelewa itakuwa takriban 23. Udhaifu mdogo wa kila kiungo hukusanyika na kuwa udhaifu mkubwa wa mnyororo mzima.

Faida inapogeuka hasara

Tuendelee na mfano wetu. Mteja analipa shilingi 6,000 zaidi kwa ajili ya haraka, na msafirishaji anamtoza muuzaji shilingi 4,500 zaidi. Mzigo ukifika kwa wakati, muuzaji amepata shilingi 1,500. Ukichelewa, anamrudishia mteja zile 6,000, naye amepoteza 4,500. Kwa mizigo 100 ambayo 10 imechelewa, faida ni 90 × 1,500, yaani 135,000. Hasara ni 10 × 4,500, yaani 45,000. Anabaki na shilingi 90,000, na biashara yaonekana njema.

Lakini nguo ya harusi ikifika baada ya harusi, mteja hataridhika na shilingi 6,000. Atairudisha nguo yenyewe. Tuseme kurudishwa huko kunamgharimu muuzaji shilingi 10,000 nyingine. Sasa kila mzigo uliochelewa ni hasara ya 14,500, na mizigo kumi ni 145,000. Faida ni ile ile 135,000. Muuzaji amefanya kazi usiku na mchana, ametimiza ahadi mara 90 katika 100, na bado amepoteza shilingi 10,000. Kwa bei hizi, mpaka wa faida na hasara uko karibu na mizigo 9 iliyochelewa katika 100. Tena hatujahesabu mteja aliyeondoka asirudi, akawasimulia na jirani zake.

Mizigo ndani ya chombo kimoja

Hesabu hizi zina sharti moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni kutotegemeana kwa matukio. Mwaka 1738 mwanahisabati Daniel Bernoulli alichapisha huko St. Petersburg uchunguzi wake juu ya kupima hatari. Alionyesha kwamba mfanyabiashara anayeleta mali kwa bahari hufanya vema kuigawa katika merikebu mbalimbali kuliko kuipakia yote katika moja. Merikebu moja ikizama, nyingine huenda ikafika.

Usafirishaji wa haraka wa siku hizi mara nyingi hufanya kinyume chake. Kampuni ya Federal Express ilipoanza kazi ya ndege mwaka 1973, ikiwa na ndege 14 na miji 25, ilikusanya mizigo yote Memphis usiku na kuigawa kutoka hapo. Sababu ni ya kihisabati. Kuunganisha miji 25 miwili miwili kunahitaji njia 25 × 24 ÷ 2, yaani 300. Kwa kutumia kitovu kimoja, njia hazizidi 25. Mpango huo huokoa gharama nyingi, lakini dhoruba ikipiga kitovuni usiku mmoja, mizigo ya miji yote huchelewa kwa pamoja.

Sikukuu nazo huleta hali kama hiyo. Desemba 2013 wingi wa mizigo na hali mbaya ya hewa viliilemea kampuni ya UPS nchini Marekani, na zawadi nyingi zikafika baada ya Krismasi. Amazon iliwarudishia wateja walioathirika gharama za usafirishaji na kuwapa kadi za zawadi za dola 20. Kampuni kubwa huweza kustahimili pigo la namna hiyo. Mwenye duka dogo, ambaye mizigo yake 100 imelala katika uwanja mmoja wa ndege, huenda akapoteza mtaji wote.

La kufanya

Muuzaji mwenye busara hatakataa haraka, bali ataipunguzia viungo. Akizifunga nguo mapema na kuziweka tayari, anaondoa hatua moja; zikibaki nne, mizigo itakayochelewa itakuwa takriban 8, na hasara ya shilingi 10,000 itageuka faida ya 22,000. Ataweka saa ya mwisho ya kupokea maagizo ya haraka, ataahidi katika miji anayoijua tu, na ataisimamisha huduma hiyo siku chache kabla ya sikukuu, hata kama ndipo wateja wanapoitaka zaidi.

Walimu wanaweza kuifanyia mada hii jaribio shuleni. Wanafunzi waandike kwa siku 20 saa ambayo basi fulani hufika kituoni, watafute wastani, kisha wahesabu ni siku ngapi basi hilo lilipita wastani huo. Halafu wajiulize: kama ningekuwa nimeahidi, na kila kuchelewa kungenigharimu mara tatu ya faida yangu, ningetaja saa ngapi? Atakayelijibu swali hilo kwa takwimu zake mwenyewe atakuwa ameupata ule msingi wa kuaminika.