Siri Isingoje Sura ya Mwisho

Kila mswada wa riwaya ya taharuki unaofika mezani kwangu huja na swali lile lile: "Mhariri, nimfiche msomaji mpaka ukurasa wa ngapi?" Mume katoweka, ukoo una jambo lake, na mwandishi anaamini kazi yake yote ni kulifunika jambo hilo hadi mwisho. Swali hilo silo. Wa kufichwa ni wahusika. Msomaji unaweza kumwambia mapema, na mara nyingi ndivyo inavyotakiwa.

Imani hii ya kufunika hadi mwisho inaua kazi nzuri. Ili siri ifike sura ya mwisho, mwandishi analazimika kuziba watu midomo. Shangazi anataka kusema, mlango unagongwa. Barua inapatikana, mvua inailowesha. Msimulizi anatueleza kila kinachompitia moyoni isipokuwa lile moja alilolitenda. Msomaji anatambua kwamba anachezewa, na akishatambua, hamwonei huruma mtu yeyote humo ndani. Kisha anaibuka pacha ambaye hakutajwa popote! Mapacha hawa wa kurasa za mwisho wamenichosha.

Tazama waliofanikiwa. Katika Rebecca ya Daphne du Maurier (1938), Maxim de Winter anamkiria mke wake wa pili kwamba yeye ndiye aliyemuua wa kwanza, na hadithi bado ina safari ndefu. Hofu inazidi kuanzia hapo, maana sasa tunajua anachoweza kupoteza kila anapohojiwa. Gillian Flynn, katika Gone Girl (2012), anatuonyesha katikati ya kitabu kwamba mke anayetafutwa yu hai na kwamba shajara yake ilikuwa ya kutunga. Hitchcock alipotengeneza filamu ya Vertigo (1958) kutokana na riwaya ya Boileau na Narcejac, siri iliyokuwa mwishoni mwa kitabu aliivuta mbele, akaifichua kwa watazamaji huku mhusika mkuu akiendelea kuhangaika gizani.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa mpelelezi Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla ni upelelezi: kuna mauaji, kuna mpelelezi, na jibu ni haki yake kulitoa mwishoni. Hiyo ni kazi nyingine, ina masharti yake.

Turudi kwenye taharuki, kwa mfano mdogo. Siku ya nne tangu mume atoweke, mkewe anamkaribisha shemeji yake chai. Kama hatujui lolote, hiyo ni chai tu. Sasa tuseme ukurasa mmoja nyuma tumemwona shemeji akiiondolea mlio simu ya kaka yake na kuitia mfukoni. "Shemeji, ongeza sukari," anaambiwa. Anachota, mkono umetulia. Mke anachukua simu yake, anajaribu tena namba ya mumewe, na mfuko wa shati jeupe la shemeji unawaka mwanga. Mke ameinamia birika. Hapo hakuna msomaji atakayefunga kitabu, na mwandishi hakuficha kitu.

Kwa hiyo fanya hivi. Fichua siri kubwa kabla hujavuka theluthi mbili za kitabu. Andika pembeni kalenda ya nani alijua nini na lini, uifuate. Kila ndugu anayenyamaza mpe sababu yake: mmoja urithi, mwingine aibu, mwingine mtoto wa nje ambaye hajatambulishwa. Aliyetoweka mpe mambo ya kawaida tuliyowahi kumwona akiyafanya, la sivyo hatutamkosa. Ukitaka kubakiza kitu mwishoni, bakiza uamuzi: mke ameshajua, na mama mkwe yuko sebuleni anamngoja aseme. Ndoto za wahusika futa. Pacha, kama ni lazima awepo, tumwone sura ya pili.