Je, Wajua? Boya Lisilojali Mawimbi

Mvuvi wa pwani akitaja boya, ana maana ya kile kipande cha plastiki kinachoelea juu ya wavu wake na kumwonyesha ulipo. Boya ninalotaka kukusimulia linafanana na hilo kwa jambo moja tu: nalo linaelea. Limetengenezwa kwa faibaglasi, upana wake mita 2.5, na hutiwa nanga mahali ambapo kutoka juu hadi sakafuni mwa bahari ni kilomita kadhaa, pengine sita. Usiku na mchana hurushwa na mawimbi, na hayo mawimbi halina habari nayo kabisa.

Wamarekani waliolibuni huliita DART. Mashine yenyewe hasa haiko juu, iko chini sakafuni. Huko kimelazwa kipimo chenye fuwele ya kwatzi, ambacho kila sekunde 15 hupima uzito wa maji yaliyokilalia. Mawimbi ya upepo, hata yale yanayopindua majahazi, hayafiki huko. Tsunami ni jambo jingine. Tetemeko linapoinua sakafu ya bahari, maji yote husukumwa, ya chini na ya juu kwa pamoja, na penye kina cha mita 4,000 wimbi hukimbia kilomita 700 hivi kwa saa. Ajabu ni kwamba huko kwenye maji makuu kimo chake ni kidogo mno. Wimbi la Desemba 2004, lililoua watu wapatao 230,000, lilipimwa na satelaiti ya Jason-1 katikati ya Bahari ya Hindi saa mbili baada ya tetemeko: sentimita 60 hivi. Nahodha aliyekuwa hapo asingelihisi lolote. Kipimo cha sakafuni kingelihisi, kwa kuwa kinaweza kutambua badiliko lisilofika milimita moja ya maji kikiwa kina cha mita 6,000.

Kipimo hiki kinajua kupwa na kujaa, hivyo hujikadiria uzito unaotarajiwa. Tofauti ikizidi sentimita tatu, kinaamka. Hulipigia boya mbiu kwa sauti inayopita majini, boya nalo likaiambia satelaiti, na baada ya dakika chache namba ziko mbele ya wataalamu. Hapo kazi ya boya imekwisha. Inayofuata ni kazi ya ofisi, na ofisi hazina kasi ya kilomita 700 kwa saa.

Hawaii inalijua hilo vizuri kuliko kwingine. Tsunami ya Aprili 1946 iliua watu 159 visiwani humo, na mwaka 1949 Marekani ikafungua kituo cha tahadhari, ambacho leo ndicho Kituo cha Tahadhari ya Tsunami cha Pasifiki. Mei 1960 tetemeko kubwa liliitikisa Chile, nacho kituo kikatoa onyo mapema. Mjini Hilo ving'ora vililia saa mbili na nusu usiku, na wimbi kubwa likafika saa saba usiku ikiwa imeshapita. Watu walikuwa na zaidi ya saa nne za kuondoka, na bado 61 walikufa. Wengine hawakuelewa king'ora kinawataka wafanye nini. Wengine, na hili ndilo linalonisumbua, waliteremka pwani kutazama.

Upande wa pili wa sarafu ni onyo la bure. Mei 1986 Hawaii iliwahamisha watu wake kutoka pwani, na wimbi lililokuja halikudhuru kitu. Zamani wataalamu walitegemea zaidi mitambo ya kupimia matetemeko, na mitambo hiyo inakwambia ardhi imetikisika kiasi gani, haikwambii bahari imefanya nini. Ndiyo maana mwaka 1995 Marekani ilianzisha mpango mmoja wa kitaifa uliokutanisha wakala wa bahari na hali ya hewa, wakala wa jiolojia unaopima matetemeko, na wakala wa maafa, pamoja na majimbo matano ya Pasifiki: Alaska, California, Hawaii, Oregon na Washington. Wa kwanza anaitazama bahari, wa pili anaisikiliza ardhi, wa tatu anajua wazee wa kituo cha kulelea wazee watapandishwa basi gani. Maboya haya yaliendelezwa chini ya mpango huo.

Faida yake ilionekana Novemba 2003. Tetemeko la 7.8 lilitokea visiwa vya Aleutian, onyo likatolewa, kisha boya likasoma wimbi la sentimita mbili tu. Onyo likafutwa, na Hawaii haikulazimika kuhama. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kabisa ya chombo hiki: kumpa ofisa ujasiri wa kusema "rudini, hakuna kitu", ili siku atakaposema "kimbieni" asikiwe.

Mwaka mmoja baadaye ikaja zamu ya bahari yetu. Tetemeko la Sumatra lilitokea Jumapili, saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Kituo cha Pasifiki kilitoa taarifa ya kwanza dakika 15 baadaye, lakini ilikwenda kwa nchi za Pasifiki. Katika Bahari ya Hindi hapakuwa na boya hata moja la aina hii, wala mfumo wa kupokea tahadhari. Wimbi lilichukua muda wa saa tisa hivi kufika Kenya na Tanzania. Fikiria: mtu angeweza kuswali alfajiri, akanywa chai, akaenda sokoni, akarudi. Somalia walikufa watu karibu 300, Tanzania wasiopungua 10, wakiwemo waliokuwa wakiogelea. Kenya alikufa mmoja. Habari zilikuwa zimeshatapakaa, na polisi waliwaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa. Tukumbuke pia kwamba siku ile mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, ambapo kwetu maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Wimbi lilifika maji yakiwa bado hayajajaa. Lingekuja saa tatu baadaye, tungekuwa na hesabu nyingine.

Leo mfumo wa Bahari ya Hindi upo, chini ya tume ya bahari ya UNESCO. India, Indonesia na Australia ndizo zinazohudumia nchi nyingine. Kituo cha Australia kimegawanywa katika miji miwili: Canberra wanapima tetemeko, Melbourne wanapima bahari. Ujumbe ukifika huku hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kisha lazima upite kwa watu wa maafa, polisi, redio, mpaka kwa mjumbe wa mtaa. Aprili 2012 tetemeko la 8.6 karibu na Sumatra liliujaribu mfumo huo. Watu wa pwani waliambiwa waondoke ufukweni, na kwa bahati miamba ilisuguana ubavu kwa ubavu, haikuinua maji mengi. Siku hiyo hiyo tahadhari ikaondolewa.

Adui wa boya hili, pamoja na kutu na dhoruba, ni binadamu. Samaki hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea, kwa hiyo wavuvi hufunga vyombo vyao hapo, na mara nyingine wapo wanaoondoka na vipuri. Indonesia ilipopigwa na tsunami mjini Palu, Septemba 2018, maboya yake yalikuwa yamekufa tangu 2012 kwa uharibifu na kukosa fedha za matunzo. Hata hivyo tuseme kweli: pale Palu wimbi lilifika kwa dakika chache tu, na boya lililo zima lisingewahi.

Kwa hiyo wewe uliyekulia pwani, unayejua saa za kupwa na kujaa kwa kuhesabu mwezi: ukihisi ardhi inatikisika kwa muda mrefu, au ukiona maji yanakupwa mbio wakati si wake, usiteremke kuokota samaki. Panda mahali pa juu na ubaki huko mpaka utakapoambiwa, kwani tsunami haiji na wimbi moja, na la kwanza si lazima liwe kubwa.