Bakora ya Mpingo Yataka Matunzo

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka Palma na Mocímboa da Praia hadi kisiwani Ibo, bakora ni mguu wa tatu wa mzee. Huitegemea aendapo msikitini alfajiri, na akifariki huwaachia wanawe. Tangu mashambulio yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, jamaa nyingi zimehama na vitu vichache mno. Aliyeokoa bakora ya babaye hana budi kuitunza, kwani kupata nyingine ya mpingo halisi si jambo jepesi.

Mpingo hukua polepole, na miongo mingi hupita kabla shina halijafaa kuchongwa. Kiini chake ni cheusi, kizito hata huzama majini, na mchwa hawakiwezi kwa urahisi. Ganda la ndani lenye rangi ya manjano ndilo dhaifu, nalo hutobolewa na wadudu. Wamakonde wa uwanda wa juu wa Mueda huchonga vinyago kwa mti huo, na ng'ambo hutengenezewa klarineti. Upungufu wake ni mmoja: ukikauka kwa haraka hupasuka. Kwa hiyo jua kali na moto wa jikoni huidhuru bakora kuliko kazi yenyewe.

Kusafisha

Jasho la mkono, vumbi na chumvi ya bahari huganda juu ya mti. Chumvi huvuta unyevu, na uchafu huo huufanya mti unate. Kila jioni bakora ifutwe kwa kitambaa kikavu. Mara moja kwa juma ifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yenye sabuni kidogo na kukamuliwa sana, kisha ikaushwe papo hapo na kuachwa kivulini. Isitumbukizwe majini kamwe.

Kulainisha na kupaka mafuta

Palipokwaruzika pasuguliwe kwa msasa laini, au kwa majani ya mti wa msasa kama walivyofanya wazee. Mkono uende kwa urefu wa nyuzi za mti, usikate upande. Kazi hii ifanywe nje, pua ikiwa imefunikwa, maana vumbi la mpingo huwasha ngozi na kudhuru kifua.

Kisha matone machache ya mafuta ya nazi yapakwe kwa kitambaa, yaachwe usiku kucha, na asubuhi yafutwe yote yaliyosalia. Mafuta mengi hushika vumbi na kuifanya bakora iteleze. Mahali pa kushikia pasipakwe ila kidogo sana. Mwenye nta ya nyuki aweza kumalizia kwa nta chache na kusugua mpaka mti ung'ae.

Kuhifadhi

Bakora ilazwe mahali palipo sawa au itundikwe wima, mbali na jua, jiko na sakafu yenye unyevu. Ikiegemezwa ukutani miezi mingi yaweza kupinda. Kuipima ni rahisi: iviringishwe juu ya meza iliyo sawa, iliyopinda itarukaruka. Kama mkono wake umechongwa kwa kona, itazamwe kwa jicho moja toka ncha hadi juu.

Dalili za hatari

Bakora igongwe taratibu kwa ukucha na isikilizwe. Iliyo nzima hulia kwa sauti kali. Yenye ufa sauti yake hufifia. Ufa mdogo unaofuata nyuzi fundi aweza kuuziba kwa unga wa mpingo na gundi. Ufa unaokata upande hauna dawa: bakora hiyo iwekwe kwa ukumbusho, asiitegemee mtu. Matundu madogo yatokayo unga mpya ni kazi ya wadudu. Itengwe na vyombo vingine vya mti hadi fundi aione.

Ncha nayo itazamwe. Kipande cha mpira kilicholika hakishiki sakafu iliyolowa, na kuanguka kwaweza kumvunja mzee nyonga. Kibadilishwe mapema, kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa vema hufaa.

Mwisho, kijana anayerithi bakora aipime akiwa amesimama wima, mikono imelegezwa: mahali pa kushikia pafike kwenye kifundo cha mkono. Ikizidi, ikatwe chini, si juu.