Mbwa Ameingia Lupangoni: Je, Ni Halali Kumpiga Risasi?



Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa waamini wa Tunda na vijiji vya kando, na kila mara limefika likiwa na hasira ndani yake. Mbwa wa jirani ameingia lupangoni usiku akaua kuku, au ameuma mbuzi, au amemkimbiza mtoto aliyekuwa akitoka kuteka maji. Mtu mwenye bunduki hayuko mbali: muwindaji mwenye kalibre 12, kijana mwenye bunduki ya kutengenezwa kijijini, au askari anayepita. Anaitwa. Risasi moja, na watu wanasema mambo yamekwisha. Je, mkristo aliyemwita ametenda vibaya? Na mwenye mbwa ana haki ya kudai kitu?

Tutoe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kumpiga mbwa anayemrarua mtu saa ile ile, wakati hakuna njia nyingine ya kumwokoa, ni halali. Kumpiga kwa sababu ameingia pasipo pake, au ameiba, si halali. Mbwa mwenye kichaa ni shauri la tatu. Wengi wanaliona jepesi kuliko yote, kumbe ndilo linalozika watoto, na hapo tutakaa zaidi.

Maandiko hayataji bunduki, lakini yanajua vizuri ugomvi wa majirani na nyama wao wa kufugwa. Katika Kutoka 21, ng'ombe akimuua mtu, mwenyewe haulizwi kwanza kama alikuwa na nia mbaya. Anaulizwa kama alijua. Kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga watu kwa pembe, na bwana wake ameonywa asimfunge, basi hatia inapanda juu ya kichwa cha bwana. Kama ng'ombe wa mtu amemuua ng'ombe wa mwenzake, wanamuuza aliye hai na kugawana feza. Angalieni jinsi shauri linavyokwenda: kuna onyo, kuna ushuhuda, kuna malipo. Hakuna mahali ambapo jirani anaamka usiku na kulipiza mwenyewe.

Sura inayofuata inasaidia zaidi. Mwizi akikamatwa usiku akivunja nyumba na kupigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini kama jua limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Usiku mwenye nyumba haoni ni nani aliyeingia wala amekuja na nini. Mchana anaona, na kwa kuwa anaona ana njia nyingine. Kama Mungu aliweka kipimo hicho kwa mwizi mwenye akili timamu, sisi tutampimia kipimo gani mbwa ambaye hajui mpaka wa lupango ni nini?

Ndugu mmoja alitujibu kwa habari ya Daudi, ambaye alimuua simba na dubu ili kumtoa mwanakondoo kinywani. Ni jibu zuri, na tulifurahi kwamba anasoma Biblia yake. Lakini simba yule hakuwa na bwana katika kijiji cha pili. Mbwa wa Maniema ana bwana, na bwana huyo mara nyingi ni muwindaji. Wale mbwa wadogo wenye mkia wa kujikunja, wasiobweka kama wengine, wanaofungwa kengele ya mti shingoni wanapoingia porini, ni sehemu ya chakula cha nyumba nzima. Ukimuua mbwa wa namna hiyo kwa ajili ya kuku wawili, umeharibu mali kubwa kuliko ile uliyopoteza, na umefungua kesi ambayo watoto wenu watairithi. Kuku analipwa, mbuzi analipwa, tena mbele ya mashahidi.

Sheria ya inchi yetu haiko mbali na hayo. Kodi sivile, kitabu cha tatu, kifungu cha 261, kinasema wazi kwamba mwenye mnyama, au anayemtumia, ndiye anayejibu kwa hasara ambayo mnyama huyo ameleta. Kwa hiyo aliyeumwa, au aliyeliwa mbuzi wake, ana mlango wa kupitia: mkubwa wa kijiji, kisha tribinali. Kwa upande wa pili, sheria ya makosa inamwazibu anayeua mnyama wa kufugwa wa mwingine kwa ubaya na bila lazima. Neno hilo, lazima, ndilo linalobeba shauri lote. Na tusisahau kwamba bunduki yenyewe inatawaliwa na ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Mtu hawezi kushika silaha bila ruhusa, na bunduki nyingi za kijijini hazina karatasi yoyote.

Kisha kuna risasi yenyewe. Kalibre 12 inatawanya chembe. Ua la lupango ni majani na miti, na nyuma yake kuna jiko, na jikoni kuna mama. Mbwa anakimbia, naye mpigaji anageuka pamoja naye. Zaidi ya hapo, sisi ni watu wa Maniema. Tangu Kindu ilipoangukia mikononi mwa waasi mwaka 1998, watu wengi wamejifunza kwamba mlio wa bunduki usiku maana yake ni kubeba watoto na kukimbilia porini. Anayepiga risasi kwa ajili ya mbwa anaweza kuamsha kijiji kizima, na mwenye mimba au mzee anayeanguka gizani hatauliza kama ilikuwa vita au kuku.

Mara nyingi mbwa anayetisha anaweza kuzuiwa bila kuuawa. Usimkimbie, maana mbio zinamwita. Simama, weka mikono karibu na mwili, usimkazie macho, rudi nyuma polepole. Kila mtoto wa kijiji anajua kwamba kuinama tu kana kwamba unaokota jiwe kunawarudisha mbwa wengi. Akikuangusha, jikunje, funika shingo na uso kwa mikono. Kama amemshika mtu na haachi, fimbo, panga, hata bunduki kama ipo na mpigaji anaona vizuri, ni halali, na hatudhani yeyote ana sababu ya kutubia hilo.

Sasa tuje kwenye kichaa cha mbwa, ambacho waganga wetu wanakiita raje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu karibu 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika watu mia wanaoambukizwa, tisini na tisa wamepata kutoka kwa mbwa, na karibu 40 katika kila mia ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa aliyekuwa mpole anageuka mkali, au mkali anageuka mnyonge na kujificha. Mate yanatiririka, taya linalegea, sauti inabadilika, anauma hata miti na mawe.

Mbwa wa namna hiyo anayezunguka kijijini lazima auawe. Hatubishani. Wafanye hivyo watu waliopewa kazi hiyo na wakubwa wa kijiji, kwa haraka na bila kumtesa. Lakini wasimpige kichwani, kwa maana ugonjwa unatafutwa ndani ya ubongo, na ubongo uliopasuliwa na risasi hauwezi kuonyesha kitu katika maabara. Asichunwe, nyama yake isiliwe, asishikwe kwa mikono mitupu; azikwe kwa kina baada ya muganga wa nyama kusema neno lake.

Kama mbwa ameuma mtu lakini hana dalili, kumuua ni kosa la namna nyingine: umejinyima habari. Mfungeni mahali salama kwa siku 10, apewe chakula na maji kwa uangalifu. Akibaki mzima mpaka siku zile ziishe, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku ile aliyouma. Hakuna maabara ya karibu na Tunda inayoweza kuwapa jibu la bei ndogo kuliko hilo. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aende hospitali.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Watu wanamuua mbwa, wanamkokota mpaka njiani, wanarudi nyumbani wakijisikia kwamba wamemlinda mtoto. Mtoto ana alama mbili za meno kwenye mguu, zinapona baada ya wiki moja. Miezi miwili au mitatu inapita, wakati mwingine zaidi. Kisha anaanza homa, jeraha la zamani linamwasha, anaogopa maji, anapaaza sauti isiyo yake. Tangu saa hiyo dawa karibu haipo tena. Risasi ilimpiga mbwa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuhama.

Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, hata kama ni dogo, hata kama mtoto analia. Lisifungwe kwa majani wala lisiwekwe jiwe jeusi. Siku ile ile aende kwenye kituo cha afya au hospitali ya Tunda, aandikwe, na waganga watafute chanjo kwa njia ya zoni ya afya. Jeraha la kina, au la kichwani na mikononi, linahitaji seramu pia. Sindano zina siku zake. Anayeziacha katikati hajalindwa. Tunajua barabara zetu, na tunajua kwamba chanjo inahitaji baridi na pikipiki inahitaji mafuta. Hiyo ni sababu ya kuondoka mapema. Na feza za safari ndizo za kudaiwa kwanza kwa mwenye mbwa, kabla ya kuzungumza juu ya kuku.

Kwa wachungaji wenzetu tuna neno la peke yake. Mtoto anayeogopa maji na kupiga kelele analetwa kwetu, kwa sababu watu wanasema ni ulozi au ni pepo. Tusimfunge katika chumba cha maombi. Tuulize kwanza: mwaka huu aliumwa na mbwa? Tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali, na tusimtafute mlozi kati ya mashangazi zake.

Wengine wanasema, basi mbwa wote wauawe na shauri liishe. Limejaribiwa. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, ugonjwa uliingia mwaka 1997, wakaua mbwa maelfu kwa maelfu, na ugonjwa ukabaki. Watu walificha mbwa wao au kuwahamisha, wengine wakaleta watoto wa mbwa kutoka mahali pengine, na hata mbwa waliochanjwa waliuawa pamoja na wengine. Karibu na kwetu, kisiwa cha Pemba huko Tanzania kilipita njia ya chanjo. Ugonjwa ulikoma mwaka 2014, ukarudi 2016 kwa mbwa walioletwa, wakachanja tena, ukakoma 2018. Mji wa N'Djamena, Chad, ulichanja mbwa wengi mwaka 2012 na 2013, na maambukizi yakakatika kwa muda. Kipimo kinachotajwa ni mbwa 70 katika kila mia. Waliobaki hawatoshi kuupitisha ugonjwa.

Sisi hatujui hata tuna mbwa wangapi. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupigana na kichaa cha mbwa. Tunaomba kila parokia, kabla ya siku hiyo, iwape mashemasi kazi moja baada ya ibada: wapite nyumba kwa nyumba, waandike jina la mwenye mbwa, idadi ya mbwa, na kama wanafungwa usiku. Nyumba ambayo mbwa wake amekwisha kuuma mtu iandikwe kando, na mwenyewe apewe onyo mbele ya mashahidi wawili. Orodha ipelekwe kwa muganga wa nyama wa teritware ya Kibombo na nakala kwa zoni ya afya, kwa sababu chanjo inaombwa kwa hesabu, na mpaka leo hakuna aliyeipeleka hesabu yetu.