Namna ya Kununua Michezo ya PlayStation Iliyokwisha Tumika

Leo nataka kueleza jambo ambalo huenda wengine wataliona ni la kitoto, yaani namna ya kununua michezo ya mashine ya PlayStation iliyokwisha tumiwa na watu wengine. Si jambo la kitoto. Kwetu Minago fedha ya kununulia mchezo hutoka katika mawese au katika ndagala, na mtu akipoteza faranga elfu sitini amepoteza jasho la watu wa nyumbani. Mimi nilizipoteza. Kwa hiyo msinisome kama fundi, bali kama mtu aliyekwisha ungua.

Mashine yetu ni PlayStation 3. Baba mdogo, anayekaa Ubelgiji, alituletea alipokuja kutuona, pamoja na manete mbili na mchezo mmoja tu. Wadogo zangu wanne waliucheza mchezo ule mpaka wakaujua kama njia ya kisimani. Ndipo mama akaahidi kwamba wote wakifaulu mtihani wa mwisho wa mwaka, watapata michezo mingine miwili. Wakafaulu wote. Mama akauza mawese, akanipa faranga elfu sitini pamoja na nauli, akaniambia, "Wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Nenda Bujumbura ukawaletee wenzako."

Nikapanda gari la abiria alfajiri, tukafuata ile barabara ya kando ya ziwa. Mjini niliingia duka la kwanza nililoliona. Nikanunua mchezo wa mpira uitwao FIFA 19 kwa elfu thelathini na tano, na mchezo wa mashindano ya magari kwa elfu ishirini na tano. Sikufungua kasha hata moja. Niliona aibu kumwonyesha mwenye duka kwamba simwamini, tena niliogopa kukosa gari la kurudi.

Jioni nyumba ilijaa watoto, wa kwetu na wa jirani. Nikatia mchezo wa mpira. Mashine ikaguna kidogo, ikanyamaza, na kwenye televisheni hapakutokea kitu. Nikatia wa magari. Huo ukaanza vizuri, watoto wakapiga makofi, lakini katika shindano la tatu picha ikasimama kimya kabisa. Tukazima, tukawasha, ukasimama palepale. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, wanangu, nendeni mkalale," akaenda kufunika moto. Ningependa angenigombeza.

Baada ya hayo nilimtafuta fundi mmoja katika mtaa wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili husemwa tangu zamani, naye akanifundisha kwa saumu ya asubuhi nzima bila kunitoza kitu. Mengi ya haya nitakayoeleza niliyapata kwake, na mengine niliyasoma mwenyewe baadaye.

Jambo la kwanza ni kujua mashine yako. PlayStation ziko za namna nyingi. Ya pili ilitoka mwaka 2000, ya tatu mwaka 2006, ya nne mwaka 2013, na ya tano mwaka 2020. Mchezo uliotengenezwa kwa ya nne hauwezi kuchezwa katika ya tatu, wala wa ya tatu katika ya nne. Kosa langu lilikuwa hilo. Mchezo wa FIFA 19 ulitolewa mwaka 2018 kwa mashine zote mbili, kwa majina na picha zinazofanana. Kasha nililouziwa lilikuwa la mashine ya tatu, lakini CD iliyokuwa ndani ilikuwa ya mashine ya nne. Kama ningalifungua kasha pale dukani, ningaliona.

Utaonaje? Tazama kasha, lakini usiishie hapo. Kwa kawaida kasha la PlayStation 3 ni jeupe la kuonekana ndani kama kioo, na la PlayStation 4 ni la samawati. Kisha itoe CD, usome herufi ndogo zilizopigwa chapa juu yake. Ukiona BLES, BCES, BLUS au BCUS, hiyo ni ya mashine ya tatu. Ukiona CUSA, ni ya mashine ya nne. Ukiona SLES au SLUS, ni ya zamani zaidi. Kasha huweza kubadilishwa na mtu yeyote, lakini herufi hizi hazibadiliki.

Tena ujue mwisho wa mashine yako. FIFA 19 ndiyo ya mwisho kutengenezwa kwa PlayStation 3, na ule mchezo mwingine wa mpira, Pro Evolution Soccer, uliishia kwenye toleo la 2018. Mtu akikuambia kwamba anayo FIFA ya mwaka 2021 kwa mashine ya tatu, mshukuru, kisha uende zako.

Jambo la pili ni mikwaruzo. Sisi twaziita zote CD, lakini kwa kweli ziko za namna tatu: CD yenyewe, DVD, na ile iitwayo Blu-ray, ambayo ndiyo ya PlayStation 3. Zote zina unene wa milimita moja na nukta mbili, na zote husomwa na mwali mwembamba wa mwanga kutoka upande wa chini. Tofauti ni mahali maandishi yalipofichwa. Katika CD maandishi yako juu kabisa, karibu na picha. Basi mkwaruzo mbaya kuliko yote ni ule wa upande wa picha, ambao watu wengi hawaujali. Katika DVD maandishi yako katikati. Katika Blu-ray yako karibu sana na uso wa chini, umbali wa sehemu moja ya kumi ya milimita tu, nayo yamefunikwa na utando mgumu ili yasidhurike upesi. Kwa hiyo Blu-ray haikwaruziki kwa urahisi, lakini ikikwaruzwa kwa kina, haina dawa.

Hapa yafaa nionye juu ya dawa ya meno. Wako watu wanaosugua CD kwa dawa ya meno, na kwa CD au DVD huenda ikasaidia, kwa maana hupunguza makali ya mkwaruzo ulio juu. Kwa Blu-ray usifanye hivyo kamwe, maana utasugua ule utando wenyewe, uharibu kilichokuwa kizima. Mimi niliusugua mchezo wa magari kwa dawa ya meno siku mbili. Ulikuwa ukisimama katika shindano la tatu. Nilipomaliza kuusugua ulikuwa ukisimama katika la pili.

Ukitaka kusafisha, chukua kitambaa laini kikavu, ufute kwa mstari ulionyoka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono. Maandishi yamepangwa kwa mzunguko kama kamba ya kirago, na mkwaruzo unaokata mzunguko huharibu sehemu ndogo ndogo ambazo mashine huweza kuzirekebisha yenyewe, lakini mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu maneno mengi mfululizo.

Jambo la tatu ni kujaribu. Usikubali kuambiwa, "Unaona, imewaka." Mchezo wenye ugonjwa huwaka vizuri, kama mgonjwa anayeamka asubuhi akiomba uji. Omba ucheze angaa robo saa, nawe uingie mahali mbalimbali: kama ni mpira, badilisha timu na uwanja, kwa sababu kila unapobadilisha, mashine huenda kusoma sehemu nyingine ya CD. Kama umeme umekatika, ngoja urudi au rudi siku nyingine. Mwenye duka akikataa kukujaribia, au akikataa kuahidi kukubadilishia, amekwisha kukujibu. Kuuliza si ujinga, na biashara haigombi.

Jambo la nne ni nakala. PlayStation 3 ambayo haikubadilishwa na mafundi haichezi mchezo ulionakiliwa katika CD tupu. Kwa hiyo ukiona CD iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino, usiichukue hata kama ni nusu ya bei. Mara nyingi kitu rahisi huwa ghali.

Pia tazama kama ndani ya kasha mna karatasi yenye namba ya siri. Namba hizo hutumika mara moja tu. Ikiwa mwenye kwanza aliitumia, wewe hutapata chochote kwa namba hiyo. Usiongeze bei kwa ajili yake.

Huenda mtu akauliza kama ni halali kuuza tena mchezo. Ndiyo, ukiwa na CD yake halisi, ni mali yako kama kitabu. Mwaka 2013 kampuni ya Microsoft ilitangaza mashine yake mpya, Xbox One, pamoja na masharti ya kubana uuzaji wa michezo iliyotumika. Wanunuzi wakalalamika kwa nguvu, na mwezi wa Juni mwaka ule ule kampuni ikayaondoa masharti hayo. Lakini mchezo unaopakuliwa kwa intaneti bila CD hauwezi kumpa jirani ukishauchoka. Kwa familia ya watu wengi na fedha chache, CD ina faida hiyo: leo ni yangu, kesho naibadilisha.

Jambo la tano ni umri. Michezo mingi inayotufikia kutoka Ulaya ina alama ya PEGI, iliyoanza mwaka 2003, yenye namba 3, 7, 12, 16 au 18. Namba hiyo haielezi ugumu wa mchezo. Yasema kwamba mambo yaliyomo yafaa watoto wa umri gani. FIFA 19 ni namba 3. Grand Theft Auto V ni 18, nayo ina mauaji na matusi. Ukinunulia nyumba yenye mtoto wa miaka saba, tazama namba kabla ya picha.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Nilipoona kwamba mchezo wa magari umekufa, nilitafuta namna ya kurudisha fedha ya mama. Hapa shuleni palikuwa na kijana wa madarasa ya chini, mtoto wa mvuvi, ambaye kwao wana mashine kama yetu. Nikamwuzia kwa elfu ishirini. Nilimwashia mbele yake, ukawaka vizuri, nikauzima kabla ya shindano la pili. Nikamwambia maneno yale yale niliyoambiwa mimi: "Unaona, umewaka."

Alirudi baada ya likizo fupi. Hakuja kwa hasira. Aliniuliza kwa heshima, "Kaka, samahani, nataka kujua tu. Kwenu mlikuwa mnafanyaje ili upite shindano la pili?" Alidhani kosa ni lake, kwamba yeye ndiye asiyejua kucheza. Niliona aibu kuliko usiku ule wa mama. Fedha yake nilikuwa nimekwisha irudisha nyumbani, basi nikafanya kazi Jumamosi nne ya kubeba ngazi za mawese mpaka mahali pa kukamulia, nikamlipa elfu ishirini zake, na kumweleza yote. Alizihesabu, akacheka, akasema, "Kumbe mimi si mjinga." Sikuwa na jibu.

Ule mchezo wa mpira haukupotea. CD ilikuwa nzima, ila haikuwa ya mashine yetu. Yule fundi alinibadilishia kwa Pro Evolution Soccer 2018 ya PlayStation 3, baada ya kuijaribu mbele yangu muda wa robo saa na zaidi. Wadogo zangu wanaicheza mpaka leo. Wa magari mama ameitundika kwa uzi katika bustani ya mtama, nayo inang'aa juani na kufukuza ndege vizuri sana.

Basi, msomaji, ukienda kununua, kumbuka: fungua kasha, soma herufi, tazama pande zote mbili, cheza robo saa, soma namba ya umri. Nawe ukiwa muuzaji, mwambie mwenzio pale mchezo unaposimama. Huenda bei ikashuka, au asinunue kabisa, lakini hutakutana naye njiani ukatazama ziwani.

Mwenye kujua zaidi ya haya, hasa ninyi wakubwa zetu mnaokaa mijini, na aandike katika toleo lijalo, tupate kujifunza.